Kazi Mpya Mbeya: Mwongozo wa Kupata Usafiri wa Daladala Utakaokuwahisha Kila Siku

Barua ya ajira ikishatoka, wengi hutafuta chumba kwanza na usafiri baadaye. Kwa Mbeya ni afadhali uanze na usafiri. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na ukija kugundua wiki ya pili kwamba kwenye kituo chako halipiti gari lenye nafasi kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, kodi hairudi. Omba pa kufikia kwa ndugu, au panga pa muda mfupi, mpaka umalize hatua zilizo hapa chini.

Kipimo kinachotumika humu ni kimoja. Usafiri unaofaa ni ule ambao hata siku yake mbaya unakufikisha kabla ya saa ya kuingia. Nauli ndogo na gari la kasi vinafuata baadaye.

Anza kwa kuuliza kazini

Kabla hujaenda stendi, mpigie afisa utumishi au mtu aliyekufanyia usaili, umuulize mambo matano. Saa ya kuingia ni saa ya kufika getini, au ni saa ya kuwa umeshavaa na umesimama kwenye kazi? Viwandani tofauti hiyo inaweza kuwa dakika 20. Mahudhurio yanaandikwa kwenye daftari au kwa kidole kwenye mashine? Daftari huwa na huruma kidogo, mashine haina. Wanaingilia geti lipi? Kuna gari la wafanyakazi, na kama lipo linapita vituo gani na linaondoka saa ngapi? Na mwisho, kuna zamu?

Swali la gari la wafanyakazi liulize hata kama unaona aibu. Kuna sehemu ambazo gari lipo ila halitangazwi kwa mgeni, anaachwa apande daladala mwezi mzima mpaka mwenzake amwambie.

Uelewe mji ulivyokaa

Mbeya imenyooka kufuata barabara kuu ya kwenda Zambia. Ukitoka mashariki unaanza na Uyole, unapita Nanenane, Sae, Ilomba, Soweto, unafika eneo la Mwanjelwa, Kabwe na Mafiati, kisha unaelekea magharibi kwenye stesheni ya TAZARA, Iyunga, Iwambi, mpaka Mbalizi, na mbele yake uwanja wa ndege wa Songwe. Mjini kwenyewe, yaani Sokomatola, Stendi Kuu, ofisi za serikali, Uwanja wa Sokoine na Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kuko juu, kaskazini mwa barabara hiyo, chini ya mlima Loleza. Uyole nayo ni njia panda: hapo ndipo barabara ya Tukuyu na Kyela inapochepuka, ikipita Igawilo.

Kwa hiyo safari nyingi za kazini ni za namna mbili. Ya kwanza inafuata barabara kuu tu, mfano Uyole hadi Iyunga. Ya pili inafuata barabara kuu halafu inapanda mjini. Ya pili ndiyo yenye kishawishi cha kubadilisha gari eneo la Mafiati, Kabwe na Mwanjelwa, na hapo ndipo muda unapopotea: unashuka, unatembea hadi kituo kingine, unakuta kundi la watu wanasubiri. Kama kuna gari linalounganisha kwako hadi mjini bila kubadilisha, hata likichelewa kuondoka dakika 10, mara nyingi bado litakuwa na faida kwako kuliko kubadilisha.

Reli ipo, lakini TAZARA ni treni ya safari ndefu kati ya Dar es Salaam na New Kapiri Mposhi. Isikupe matumaini ya kwenda nayo kazini.

Kata safari vipande, kisha hesabu kurudi nyuma

Watu wakiulizwa safari ni muda gani hutaja muda wa gari likiwa linatembea. Hicho ni kipande kimoja tu. Kuna kutembea toka nyumbani hadi kituoni, kusubiri gari lenye nafasi, gari lenyewe, kubadilisha kama kupo, na kutembea toka kituo hadi getini. Andika kila kimoja peke yake.

Chukua mfano wa anayekaa Itezi, karibu na Uyole, na kazi yake iko Iyunga, anaingia saa 1:30 asubuhi. Anataka awe getini saa 1:20. Toka kituo hadi getini ni dakika 10, hivyo ashuke saa 1:10. Gari huchukua dakika 45 siku ya kawaida na saa nzima siku mbaya. Hesabu inachukua saa nzima. Awe ameshakaa kwenye siti saa 12:10. Kusubiri dakika 15: awe kituoni saa 11:55. Kutembea toka nyumbani dakika 15: mlango ufungwe saa 11:40 alfajiri.

Ukiona saa hiyo inakutisha, ndiyo kazi ya hesabu. Ni bora ikutishe ukiwa bado hujalipa kodi. Hapo utafute kipande cha kupunguza, na mara nyingi kinachopungua kwa urahisi ni miguu na kusubiri. Dakika za barabarani huna mamlaka nazo.

Chagua kituo cha kupandia

Hapa ndipo panapoamua mambo kuliko hata aina ya gari, na ndipo wageni wengi wanapokosea.

Daladala za Mbeya nyingi ni vipanya vya Hiace, na zinaondoka mwanzo wa ruti zikiwa zimejaa. Asubuhi kipanya kikitoka Uyole au Mbalizi kimejaa, vituo vya njiani vinaokoteza nafasi ya anayeshuka. Anayekaa katikati, tuseme Ilomba au Nzovwe, yuko karibu na mjini kuliko wa Uyole au Mbalizi, lakini anaweza kusimama kituoni akitazama magari matano yanapita na konda anapunga mkono kwamba hakuna nafasi. Ukaribu kwenye ramani haumsaidii.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kupanga karibu na mwanzo wa ruti: Uyole, Mbalizi, au mwisho mwingine wowote ambapo magari yanageuza. Utatumia muda mrefu zaidi barabarani, lakini umekaa. Ya pili ni kurudi nyuma: unapanda gari linaloelekea mwisho wa ruti likiwa na nafasi, unageuka nalo. Konda atataka nauli mbili, na anayo haki. Fanya hivyo kama vituo vya kurudi ni vichache na muda upo, wala usiifanye desturi ya kila siku bila kuiweka kwenye hesabu ya mwezi. Ya tatu ni kutembea mpaka kituo ambacho watu wengi hushuka: sokoni, hospitalini, shuleni, njia panda. Wakishuka sita, wapande sita. Eneo la Mwanjelwa lina sifa hiyo asubuhi, maana wafanyabiashara wanashuka wakati wafanyakazi wanapanda.

Jioni kanuni inageuka. Ukitoka kazini mjini, tembea hadi gari linapoanzia kupakia, usilisubiri kituo cha pili.

Kabla ya kupanda, uliza waziwazi mwisho wa safari. Maandishi ya mbele ya gari yanaonyesha ruti aliyopewa kwenye leseni. Anayoiendesha siku hiyo inaweza kuwa fupi. Swali liwe hivi: "Kaka, hii inafika Iyunga, au inaishia Kabwe?" Akikatisha ruti njiani, anatakiwa akufaulishe kwenye gari lingine bila wewe kulipa tena. Dai hilo kabla hujashuka. Ukishakanyaga chini, gari limeondoka. Akikataa, chukua namba ya gari uripoti LATRA, ambayo ndiyo inayotoa leseni na kupanga nauli.

Fanya safari ya majaribio, kwa saa ileile

Kwenda kuangalia njia Jumapili saa 5 asubuhi ni kujidanganya. Nenda siku ya kazi, kwa saa ileile utakayokuwa unaondoka. Jumatatu inafaa zaidi kwa sababu ndiyo nzito: wanafunzi, wafanyabiashara na waliokwenda kijijini mwisho wa juma wote wako barabarani. Ukiweza, rudia siku moja katikati ya wiki upate wastani.

Andika kwenye simu saa uliyofika kituoni, magari mangapi yalipita yamejaa, saa uliyopanda, saa uliyoshuka, saa uliyogusa geti. Halafu rudi jioni kwa saa ya kutoka kazini, siku hiyohiyo. Watu wengi wanapima asubuhi tu, kisha jioni wanajikuta wanafika nyumbani saa 3 usiku.

Ramani ya simu itakusaidia kupima umbali na sehemu ya kutembea. Muda wa gari inaoonyesha ni wa mtu mwenye gari lake. Haimjui konda anayesubiri abiria wawili wa mwisho.

Ukiwa kituoni, ongea na watu. Mama anayeuza vitumbua au chai hapo kila alfajiri anajua gari la kwanza linapita saa ngapi na kuanzia saa ngapi watu wanaanza kugombania. Mpiga debe naye anajua, ila maslahi yake ni gari lijae, kwa hiyo la kwake lichuje.

Hesabu ya fedha ifanye kwa mwezi

Viwango vya LATRA vilivyoanza Desemba 2023 viliweka nauli ya daladala ya mtu mzima kuwa shilingi 600 kwa ruti isiyozidi kilomita 10, na mwanafunzi shilingi 200. Ruti ndefu zaidi zinapanda kwa ngazi. Viwango hubadilishwa, kwa hiyo soma tangazo la nauli lililobandikwa garini au stendi kabla ya kupiga hesabu.

Kwa siku 26 za kazi, gari moja la 600 kwenda na kurudi ni 31,200 kwa mwezi. Magari mawili ni 62,400. Ukiongeza bodaboda ya 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, hiyo peke yake ni 52,000. Mwenye gari moja na boda anatumia 83,200. Linganisha hapo na kodi. Chumba cha ndani ndani kinachopungua 30,000 kwa mwezi lakini kinakulazimisha boda kila siku kimekula 22,000 zaidi ya ulichookoa, na bado hujahesabu siku za mvua ambapo boda anapandisha bei.

Angalia pia ngazi za nauli. Ruti ndefu inayokufikisha kwa gari moja kwa kawaida ni nafuu kuliko kuunga ruti mbili fupi, kwa sababu kila ukipanda upya unaanza kulipa upya.

Tenga nauli ya mwezi siku ya mshahara, na ivunjwe mapema. Konda asiye na chenji asubuhi ni jambo la kila siku. Ukimpa noti ya 10,000 saa 12 alfajiri, usishangae kushushwa au kuambiwa subiri hadi mwisho wa ruti. Tembea na sarafu na noti ndogo.

Bajaji na bodaboda

Bajaji za kuchangia zinafaa sana kwa vipande vifupi vya kupanda mjini au kuingia mitaani ambako kipanya hakifiki. Zinajaa haraka kwa sababu zinahitaji watu wachache tu. Uliza kwanza kama unalipa nauli ya kichwa au umeikodi peke yako, maana bei zinatofautiana mara kadhaa.

Bodaboda ichukulie kama akiba ya dharura au kipande cha mwisho. Ukiitumia kila siku, chagua dereva mmoja wa kijiwe kilicho karibu na nyumbani, mkubaliane bei ya wiki, na awe na kofia ngumu ya pili ya abiria. Mshikaki, yaani kupakiwa abiria wawili kwenye boda moja, kataa, hata kama wa pili ni mfanyakazi mwenzako na mnagawana nauli. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi; petroli ikipanda, tarajia mazungumzo mapya ya bei siku ya pili yake.

Yanayoharibu ratiba

Mvua za hapa huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Mitaa isiyo na lami inateleza, na boda wengine hawaingii kabisa. Kipande cha kutembea cha dakika 15 kiwe 25 kwenye hesabu ya miezi hiyo. Vaa gambuti hadi kituoni, viatu vya kazi viwe kwenye mfuko wa plastiki. Ukipima njia Septemba, barabara kavu, nenda ukaulize majirani mtaa unakuwaje Februari.

Juni na Julai tatizo ni baridi na ukungu. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na alfajiri watu wanatoka kwa kuchelewa, kisha wote wanajaa kituoni kwa wakati mmoja. Anayetoka dakika 15 kabla yao anapata gari bila kusukumana.

Malori ndiyo kero kubwa. Barabara ya daladala ndiyo hiyohiyo ya mizigo ya Zambia, Malawi na Kongo. Semi ikiharibika au ikipinduka kwenye mteremko wa Iwambi, upande wa magharibi unafungwa, na hakuna njia nyingi za kuzunguka. Anayefanya kazi Mbalizi akiwa anakaa mashariki anahitaji namba ya simu ya msimamizi wake kuliko anavyohitaji njia mbadala. Upanuzi wa barabara kuwa njia nne kati ya Nsalaga, upande wa Uyole, na Ifisi, upande wa Mbalizi, kilomita 29, nao umehamisha vituo na kuleta michepuko, hivyo kituo ulichoelekezwa na mtu aliyehama mji miaka michache iliyopita kinaweza kisiwe pale.

Wiki ya kwanza ya Agosti ni maonesho ya Nanenane katika viwanja vya John Mwakangale. Anayepita upande huo aondoke mapema hadi tarehe 8 ipite. Siku ya mechi kubwa Sokoine, jioni ya mjini inakuwa nzito. Shule zinapofunguliwa, wiki nzima.

Mgomo wa daladala pia si jambo geni hapa, na mara nyingi chanzo ni bajaji kuingia ruti za daladala. Habari huwa zinazunguka tangu usiku. Ukizisikia, toka nusu saa mapema na hela ya bajaji mkononi, maana siku hiyo bei haijadiliwi.

Ukiwa na zamu

Daladala zinapungua sana usiku, na kwenye ruti za pembeni gari la mwisho linaweza kuwa limeondoka wewe bado hujavua sare. Uliza saa ya gari la mwisho kwa konda wa ruti yako, kisha toa nusu saa, kwa sababu gari la mwisho likikosa abiria huenda kulala tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuwa baada ya saa 2 usiku hadi kabla ya saa 12 asubuhi, na inatoa nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara kwa saa hizo. Kwa kima cha mshahara cha wengi, nyongeza hiyo haifikii bodaboda ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo suala la usafiri wa zamu lizungumze kabla ya kusaini mkataba, au tafuta wenzako wa upande mmoja mkodi bajaji moja watatu. Mshushwe mlangoni, si njia panda.

Kazi ikiwa nje ya mji

Walimu, wauguzi na watu wa kilimo mara nyingi hupangiwa Tukuyu, Inyala, Chimala au vijiji vya Mbeya Vijijini, huku wakitaka kubaki mjini. Tukuyu iko karibu kilomita 70 na barabara ina milima na ukungu. Kwenda na kurudi kila siku kwa Coaster au Noah inawezekana kwa wiki, kwa mwaka inachosha mwili na mfuko. Kanuni hapa: angalia gari la kurudi kabla ya gari la kwenda. Asubuhi magari mengi yanaelekea mjini, si kijijini, na jioni vivyo hivyo kinyume chake. Wewe unakwenda dhidi ya mkondo, utapata siti lakini utasubiri gari lijae. Usitegemee mabasi ya mikoani yakuokote njiani.



Wiki mbili za kwanza

Fika dakika 20 kabla, hata kama unakaa nje ya geti. Endelea kuandika saa kama ulivyofanya kwenye majaribio. Baada ya siku 10 utaona siku moja au mbili zilizokwenda vibaya. Panga kwa hizo. Ukiona siku zote umefika mapema zaidi ya nusu saa, sogeza saa ya kutoka dakika 10, siyo 30 kwa mara moja.

Panda gari lilelile kila ukiweza. Konda akikuzoea atakutunzia nafasi, atakupigia kelele ukiwa bado unavuka barabara, na siku huna chenji atasema utalipa kesho. Mlipe kesho.